Henry Grimes HAKUFUFUKA, acheni kusema hivyo

Wakuu, nina dukuduku na leo nalitoa lote.

Kila akitajwa Henry Grimes, Mmarekani mpiga besi la jazz (lile kubwa la mbao la kusimamishwa), lazima atokee mtu aseme "yule aliyefufuka". Kafufuka lini, na hakufa! Alikuwa Los Angeles miaka yote hiyo, kwenye chumba kimoja cha kupanga, akiishi kwa vibarua na kusafisha majengo ya watu.

Na huyu hakuwa wa kubahatisha. Kasoma Juilliard, chuo cha muziki chenye jina kubwa kule New York. Mwaka 1958, akiwa na miaka 22, kwenye tamasha moja tu, lile la jazz la Newport huko Marekani, alipiga na magwiji watatu: Benny Goodman, Sonny Rollins na Thelonious Monk. Baadaye magwiji wengine, Cecil Taylor, Albert Ayler na Don Cherry, wote walimtaka. Mtu wa hivyo anapoteaje?

Alipotea kwa sababu ya ufa wa mbao. Mwishoni mwa miaka ya 60 alikwenda California, besi limefungwa juu ya gari, jua la jangwani likalipasua. Hela ya fundi hana. Akaliuza, na hakushika lingine kwa zaidi ya miaka 30. Wapenzi wa jazz wakaridhika kwamba keshakufa, wakaendelea kusikiliza sahani zake.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye bendi ya hotelini. Mwaka jana niliugua wiki tatu, hakuna aliyenipigia hata simu. Nimerudi, nakuta kijana amesimama pale pangu na shoo zinaendelea. Mwimbaji akikohoa tu bendi nzima inahaha! Kwa hiyo hii habari ya Grimes mimi siisomi kama hadithi tamu.

Aliyemtafuta hakuwa promota wala mwenye studio. Ni Marshall Marrotte, mfanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka Georgia anayependa jazz, akapekua kumbukumbu mpaka akampata mwaka 2002. Kisha mpiga besi mwenzake, William Parker, akamtumia besi kutoka New York. Mwaka 2003 mzee yuko jukwaani tena, na aliendelea kupiga miaka mingi kabla korona haijamchukua Aprili 2020. Besi moja tu la kupewa, jamani!

Na mnajua alipopatikana alikuwa hajui nini? Kwamba Ayler, ambaye yeye Grimes alimpigia besi, alikufa tangu 1970. Miaka 32, na hapakuwa na mtu wa kumpa hata taarifa ya msiba.