Hilux ya gia ya usukani: niitengeneze au nihamishie gia chini?

Mkulima wa Uru

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa wenzangu. Ninayo Toyota Hilux ya mwaka 1981, injini ya petroli ya 12R, giaboksi ya gia nne, mkono wa gia ukiwa kwenye usukani. Gari lilikuwa la mzee wangu na bado linafanya kazi karibu kila siku, likishusha ndizi na maziwa kutoka Uru hadi mjini Moshi na kupandisha pumba na mabua ya mahindi ya kulishia ng'ombe.

Shida iko kwenye mkono wa gia. Umelegea kiasi kwamba gia ya kwanza hupatikana kwa kubahatisha, na mara nyingi ninapotoka gia ya pili kwenda ya tatu mkono hukwama katikati, ukakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Hapo hakuna njia nyingine ila kuzima injini, kuingia uvunguni na kusukuma kwa mkono kile kichuma kilicho ubavuni mwa giaboksi. Likikwama tambarare ni usumbufu tu, lakini likikwama kwenye mlima likiwa na mzigo, ninaogopa.

Kuna fundi aliyenishauri niachane kabisa na gia ya usukani. Anasema atakata tundu sakafuni, atafunga mkono mpya kwa bolti palepale kwenye bati, kisha achomelee rodi fupi mbili za kuuunganisha na giaboksi hii hii niliyo nayo. Kijana anayenisaidia kuendesha amelipokea wazo hilo kwa furaha, kwa kuwa alijifunzia gari la gia ya chini. Je, kazi ya namna hiyo hudumu? Au ni heri nitafute giaboksi nzima ya gia ya chini? Pia ningependa kujua kama mabadiliko hayo yataniletea maswali kwa trafiki au kwenye kadi ya gari.

Fundi wa Ngarenaro

Marahaba, ndugu yangu wa Uru. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ni jepesi: kadi ya gari huonyesha namba ya injini na namba ya chesi, na kubadili giaboksi hakugusi hata moja kati ya hizo. Trafiki atakayekagua gari lako atatazama usukani, breki, taa na matairi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usikubali tundu likatwe kabla hujajua ulegevu unatoka wapi. Simamisha gari mahali tambarare, weka magogo kwenye magurudumu, zima injini, kisha mtu mmoja akae kwenye kiti achezeshe mkono polepole huku wewe ukitazama kutoka uvunguni. Fuata mwendo kutoka juu hadi chini: pini ya mkono pale juu kwenye usukani, shafti inayoshuka kando ya nguzo ya usukani, vimkono vya chini ya nguzo, rodi, na mwisho vimkono vya ubavuni mwa giaboksi. Mahali ambapo chuma kimoja kinatembea na kinachofuata bado kimetulia, hapo ndipo bushi, yaani ule mpira mdogo wa kwenye ungio, imekwisha. Ulegevu huu hujumlishana. Tuchukulie una maungio matano na kila moja linacheza milimita 1 tu. Ikiwa mkono unaoushika ni mrefu mara 4 ya kimkono cha chini, basi mshiko utatembea sentimita 2 nzima kabla giaboksi haijasikia chochote. Ndiyo maana gari linaonekana limekufa gia wakati kilichokufa ni mipira midogo ya bei ndogo.

Halafu zichomoe rodi kwenye giaboksi na uingize gia kwa kuvichezesha vile vimkono vya ubavuni. Zikiingia zote nne na rivasi kwa mlio mfupi wa kuketi, giaboksi yako ni nzima na hakuna sababu ya kuifungua. Jambo moja zaidi, ukisharudisha rodi: washa injini, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha weka rivasi. Gia zikisaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri, na hapo utakuwa umelaumu mkono wa gia bure. Tazama mafuta ya klachi na silinda zake mbili kwanza.

Kuhusu wazo la mwenzangu la kufunga mkono kwenye bati la sakafu, mimi silikubali, na nitaeleza sababu. Injini na giaboksi zimekaa juu ya mipira, zile maunti, na kila unapovuta mzigo kupanda mlima injini hujipinda kidogo na giaboksi husogea pamoja nayo. Bati la sakafu ni sehemu ya bodi, halisogei. Rodi fupi iliyofungwa kati ya vitu viwili ambavyo kimoja kinasogea na kingine hakisogei itaisukuma gia itoke, tena itaitoa wakati ule ule ambapo unaihitaji sana. Utauliza, mbona hata gia ya usukani imefungwa kwenye bodi? Ni kweli, lakini rodi zake ni ndefu, zina bushi za mpira, na kiwanda kilizipanga katika pembe ambayo mtikisiko wa injini hauzisumbui sana. Mkono wa chini wa kiwandani, kwa upande wake, umesimama juu ya giaboksi yenyewe, kwa hiyo vyote viwili hutikisika pamoja na hakuna kinachomvuta mwenzake.

Tena giaboksi yako ya gia nne inataka mienendo miwili tofauti: kimkono kimoja kinachagua njia, yaani jozi ya gia, kingine kinaingiza gia. Mkono mmoja wa kuchomelea ufanye yote mawili bila kuchanganya ni kazi ya mtu mwenye vipimo na subira. Wengi huishia na gari lenye gia ya pili na ya tatu nzuri, na rivasi ya kubembeleza.

Dereva Mstaafu, Himo

Ninaunga mkono maelezo ya fundi, nami naongeza la dereva. Gia ya usukani haikuwekwa pale kwa urembo. Wamarekani walianza kuipandisha juu miaka ya mwisho ya 1930, Cadillac ikiwa miongoni mwa magari ya kwanza mwaka 1938, ili sakafu ibaki wazi na watu watatu wakae mbele kwenye kiti kimoja kirefu. Huko kwao baadhi ya pikapu ziliendelea kuuzwa na gia tatu za usukani hadi 1987. Faida hiyo hiyo unayo wewe. Siku za soko, mama mwenye mtoto na ndoo yake ya maziwa anakaa katikati bila taabu. Ukishusha gia chini, huyo wa katikati atakaa amepanua miguu kuupisha mkono, na kila ukitafuta gia ya pili utakuwa unamgonga goti. Kwa heshima ya abiria wetu, hilo si jambo dogo.

Kijana wako naye afundishwe. Gia hii haitaki kukatiza moja kwa moja kutoka ya pili kwenda ya tatu kama anayekata kona. Atoe gia, atulie kidogo kwenye fri aache mkono urudi wenyewe kwenye njia yake, ndipo aingize. Bushi zikiwa zimelika, anayeharakisha ndiye anayekwama.

Na kwa wale wanaotazama mitandaoni vifaa vya kuhamishia gia chini, kama vile vya Hurst: vingi vya aina hiyo vilibuniwa kwa giaboksi za Marekani za gia tatu, zenye vimkono viwili ubavuni, kimoja cha gia ya kwanza na rivasi, kingine cha pili na tatu. Haviwezi kuhudumia giaboksi ya Hilux ambayo kimkono kimoja ni cha kuchagua njia tu.

Mkulima wa Uru

Nawashukuru sana wazee wangu. Nimelala uvunguni kama nilivyoelekezwa, kijana akiwa kwenye kiti. Giaboksi ni nzima: rodi zikiwa zimechomolewa, gia zote zinaingia na kuketi vizuri, na klachi nayo haisagi. Mipira miwili kwenye ncha za rodi haipo kabisa, imebaki vumbi na grisi kavu. Kimkono cha chini ya nguzo ya usukani kina tundu ambalo zamani lilikuwa la mviringo na sasa limekuwa refu kama yai, na pini ya mkono kule juu imelika upande mmoja.

Je, bushi hizi nizichongeshe za chuma gani? Na lile tundu la yai, fundi alijaze kwa kuchomelea na kulitoboa upya? Nimeamua kwanza kuitengeneza gia hii, lakini siku nikikutana na giaboksi ya gia ya chini kwa bei nzuri ningependa kujua la kutazama.

Mkerezaji, Unga Limited

Ndugu, bushi za ncha za rodi usichongeshe za chuma. Chuma juu ya chuma kitalia kila unapopita kwenye mawe, na ulaji utahamia kwenye kimkono, ambacho ni ghali kuliko bushi. Nailoni ya fimbo inafaa sana kwa maungio ya uvunguni: haishiki kutu, hailii, na ikikwisha unachonga nyingine. Kwa pale juu kwenye pini ya mkono, ambapo nafasi ni ndogo na nguvu ni nyingi, mimi hutumia shaba, na pini mpya naichonga kutoka kwenye chuma kigumu, kwa mfano shina la bolti nene ya 8.8 (namba ya ugumu iliyo kichwani mwa bolti), si msumari wala nondo. Usikaze kupita kiasi: bushi iingie kwa kubanwa kwenye tundu lake, lakini pini ndani yake izunguke kwa vidole bila kuyumba.

Lile tundu la yai, kulijaza kwa moto na kulitoboa kwa kukisia kunalisogeza kutoka mahali pake, na ukilisogeza milimita chache umebadilisha urefu wa mwendo wa gia. Leta kimkono chenyewe kwenye mashine. Nitatafuta kitovu cha zamani kwa kupima upande ambao haukulika, nitalipanua tundu liwe mviringo mkubwa zaidi, kisha nitaingiza bushi nene yenye tundu la ndani la kipimo cha pini. Kazi hiyo haihitaji moto wowote. Huhitaji kuja Arusha kwa ajili hiyo. Hapo hapo Moshi wapo wakerezaji wa kutosha.

Kabla hujafungua rodi ili uzilete, weka alama ya rangi kwenye nyuzi pale nati ya kufungia ilipo, na wakati wa kurudisha anza na alama hiyo. Weka giaboksi fri, weka na mkono fri, kisha zungusha ncha ya rodi hadi iingie kwenye kimkono bila kuvutwa wala kusukumwa. Ukilazimika kuisukuma kidogo ili iingie, bado haijakaa. Funga nati, weka grisi, weka spliti pini mpya. Ile ya zamani usiinyooshe ukairudisha.

Fundi wa Ngarenaro

Mkerezaji amemaliza upande wake, nami nijibu hilo la giaboksi.

Tafuta iliyotoka kwenye Hilux ya kizazi chako yenye injini hiyo hiyo ya 12R. Usidanganywe na herufi R peke yake, kwa kuwa 12R, 18R na 22R si injini moja, na nafasi za bolti nyuma ya injini hazilazimiki kufanana. Nenda na kipimo, au bora zaidi nenda na picha ya giaboksi yako ukiwa umeandika umbali wa bolti kwa bolti. Hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye klachi. Linganisha urefu wa jumla kutoka uso wa injini hadi pale inapoingia propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, na mahali inaposhika krosmemba, kile chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi. Giaboksi ya gia tano inavutia, lakini ikizidi urefu itakudai propela ifupishwe na kusawazishwa, na krosmemba isogezwe. Kebo ya spidometa na swichi ya taa ya rivasi nazo zitazame, kwa sababu waya na kebo zako zilikatwa kwa urefu wa giaboksi ya sasa.

Ikiwa giaboksi itashuka chini kwa sababu yoyote, badilisha beringi ya klachi wakati huo huo, tazama diski, na tazama sili ya nyuma ya injini kama inavuja. Kazi kubwa ni kuishusha, na hakuna anayependa kuishusha mara ya pili kwa ajili ya sili. Oili ya kujaza iwe ya daraja la GL-4, namba 90 au 80W-90. Wauzaji wa barabarani hukupa GL-5 kwa maelezo kwamba ni bora zaidi. Baadhi yake zina dawa ya salfa inayoweza kula pete za shaba za sinkro, zile zinazosaidia gia kuingia bila kusaga, na giaboksi za umri huo zinazo.

Mwisho, nguzo ya usukani usiifungue kwa sababu tu gia imehama. Toa mkono, rodi na shafti ya gia, ziba tundu lililobaki, acha mengine kama yalivyo. Na ukinunua giaboksi kwenye gari linalokatwa, mwombe muuzaji akukatie pia kile kipande cha bati la sakafu chenye tundu, kifuniko chake na mpira wa kuzuia vumbi. Kupata kipande hicho baadaye ni kugumu kuliko kupata giaboksi, na bila hicho joto, moshi na maji ya masika vyote vitapanda hadi kwenye kiti.