Riwaya za ujana wa Han Solo: nianze na Daley au Crispin?

BintiNyota: Habari zenu wakuu. Ile filamu ya 1977, Star Wars, nimeirudia mpaka nimekariri maneno, na bado swali ni lilelile: huyu Han Solo katoka wapi? Tunamkuta tayari ana deni kwa Jabba, bosi wa wahalifu, ana chombo chake cha anga, ana rafiki anayenguruma, Chewbacca, naye Han anamjibu bila shida. Nimepata riwaya sita, tatu za Brian Daley (1979 na 1980) na tatu za A. C. Crispin (1997 na 1998). Nianzie wapi? Na zina faida gani baada ya filamu ya 2018, Solo, kusimulia mambo tofauti?

MsomajiUsiku: Dada, anza na Crispin, na sababu yangu ni mpishi. Han analelewa na tapeli aitwaye Garris Shrike ndani ya chombo kilichojaa watoto wa kutumwa kuombaomba na kuiba. Mpishi wa humo ni mama wa Kiwookiee, viumbe wenye manyoya wa jamii ya Chewbacca, jina lake Dewlanna. Ndiye anayempa upendo, na ndiye anayemfundisha lugha yao. Anauawa mwanzoni kabisa, akimsaidia kijana kutoroka. Kitabu kinachofuata Han anapoteza cheo chake katika jeshi la Himaya kwa sababu ya kumwokoa Chewbacca, mtumwa, nawe huhitaji kuelezwa kwa nini. Mimi nilikifunga kitabu nikakaa kimya.

Kuhusu 2018: tangu 2014 Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, waliziweka riwaya hizi kando na hadithi rasmi. Kwangu Dewlanna hajapungua hata kidogo.

RubaniMzee: Nakubaliana, ila kuna jambo. Katika kitabu cha tatu Han anaondoka kwenda Corporate Sector, eneo la anga linaloendeshwa na makampuni, na Crispin anayapita mambo ya huko kwa vipande vifupi, kwa kuwa Daley alishayaandika. Hapo weka alama, soma Daley zote tatu, kisha urudi.

MsomajiUsiku: Hapana mkuu, hapo sikubaliani nawe. Ukisimama hapo unamkata Bria Tharen, mwanamke ambaye Han anampenda tangu kitabu cha kwanza, wakati hadithi yake inakaza. Sisemi inaishaje. Maliza Crispin kwanza, akuache pale mlangoni mwa filamu, baa ya Mos Eisley tunapomkuta Han mara ya kwanza.

Daley ni ladha nyingine kabisa. Alianza kuandika wakati kuna filamu moja tu, Lando, rafiki wa Han wa filamu ya pili, hayupo, kwa hiyo alibuni ya kwake: gereza la Stars' End, na Bollux, roboti kibarua aliyebeba kifuani kompyuta ndogo yenye maneno mengi, Blue Max. Hao wawili nawapenda mno. Lakini Han wa Daley ameshakuwa Han. Wewe umeuliza alitoka wapi.

BintiNyota: Basi naanza na mpishi. Asanteni sana.