Tupeane uzoefu: Kidhibiti joto cha jiko la choma kikianguka, mlifanyaje?

Mchomaji wa Kisasa: Wakuu, poleni na kazi. Jana upepo wetu huu wa Dodoma ulinipindulia meza, kidhibiti joto cha jiko langu la pipa (kile kinachosoma joto kwa sensa na kuendesha feni ya kupuliza mkaa) kikatua kwenye saruji kwa kona. Kioo kinawaka, feni inazunguka, ila namba zinacheza: 61, mara 140, mara vistari vitatu. Jumamosi nina oda ya mbuzi wawili. Yaliyowakuta mlianzia wapi?

Zabibu Kavu: Changu kilikanyagwa na bodaboda. Sina msaada, nakaa pembeni nisome.

Fundi Kizota: Usikifungue kwanza. Chomoa sensa ya jiko, chomeka nyingine ya aina hiyo hiyo. Namba zikitulia, waya wa sensa ya kwanza umekatika ndani kwa ndani. Zikiendelea, shika plagi uitikise polepole. Zikiruka kila ukitikisa, risasi ya kulehemu imepasuka pale tundu lilipoungwa kwenye bodi. Plagi ndiyo inayochomoza, kwa hiyo ndiyo inayobeba kishindo chote.

Area D Original: Weka kwenye mchele siku mbili.

Fundi Kizota: Mchele ni wa simu iliyolowa. Hiki kimeanguka.

Area D Original: Kisipopona si unapika wali tu.

Mama Ndafu: Mmenifukulia nililokuwa nimelizika. Mwaka juzi nilipewa ndafu ya sendofu ya binti wa jirani, ukumbi uko Ipagala. Asubuhi kidhibiti kilidondoka kwenye bajaji. Nikakifuta vumbi, kikawaka, nikamshukuru Mungu. Saa sita usiku nimeweka nyuzi 120, kinasoma 74. Saa saba, 79. Nikasema mkaa huu umenyeshewa. Feni inavuma bila kupumzika na mimi nafurahi, najua kazi inafanyika. Nikaingia ndani kunyoosha mgongo kidogo tu.

Saa tisa nikaamshwa na mbwa. Natoka, rangi ya pipa imebabuka inaning'inia kama maganda ya ndizi, bomba la moshi jekundu, na kidhibiti, jamani, kimetulia zake kinasoma 83! Nikafunua mfuniko kwa pupa, hewa ikaingia, moto ukaruka ukanilamba kanga ya kichwani. Mbuzi yupo vile vile alivyokaa, miguu yote minne, ila ukimgusa anavunjika. Mkaa mtupu. Kabichi ya kumweka mdomoni iko kwenye beseni, mbichi, inamsubiri. Saa kumi alfajiri nikampigia simu mama wa binti.

Nkuhungu Juu: Akasemaje???

Zabibu Kavu: Mama usituache hapo.

Mwana wa Kongwa: Mtu kaomba msaada wa kidhibiti, ninyi mmekazana na ndafu. Halafu hiyo hadithi ina walakini. Sensa ikikatika, kifaa huonyesha kosa na kuzima feni.

Fundi Kizota: Ikikatika kabisa, sawa, na si vifaa vyote vyenye akili hiyo. Ya kwake ililegea. Sensa nyingi za majiko haya, joto likipanda ukinzani hushuka. Mguso ukilegea ukinzani unaongezeka, kifaa kinadhani jiko ni la baridi, kinazidi kupuliza.

Mwana wa Kongwa: Hapo nakubali. Ila zipo za thamokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa, zile hazipimi ukinzani. Fundi wangu aliunga upya akageuza nyaya, nikiwasha moto namba zinashuka. Nilidhani nimenunua friji.

Bibi Titi wa Mtaa: Changu kilipoanguka betri ilichomoka, mipangilio ikarudi ya kiwandani, Farenihaiti. Nikaweka 110 kama kawaida yangu. Hiyo ni kama 43 za kwetu! Feni haikupuliza hata mara moja, kuku wakashinda pipani hadi jioni wakiwa na damu. Mimi kuku simwamini mpaka nyama ya ndani ifike 74.

Nkuhungu Juu: Babu yangu alipima kwa kiganja na hakuunguza mtu.

Mchomaji wa Kisasa: Wakuu, nimebadili sensa, bado. Nikitikisa plagi, zinaruka. Nimefungua: mguu mmoja wa tundu umezungukwa na ufa mwembamba kama unywele. Kijana wa redio pale Sabasaba kaugusa risasi mpya, namba zimetulia. Ila kwenye maji yanayochemka inasoma 96. Nne zimekwenda wapi?

Area D Original: Kimekufa hicho. Maji ni 100, tulifundishwa.

Fundi Kizota: Aliyekufundisha alikuwa Tanga. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huku huchemka kwenye 96 hivi. Kipo sawa. Barafu iliyosagwa na maji kidogo lazima isome sifuri, pima na hapo.

Mchomaji wa Kisasa: Barafu, 0. Ahsante sana. Kesho nawasha mkaa bila nyama, nione feni kama inajua kunyamaza. Na kidhibiti nimekifunga kwa waya kwenye mguu wa meza.

Nkuhungu Juu: Vizuri. Mama Ndafu, tunakusubiri.

Mama Ndafu: Alinyamaza weee, kisha akauliza, "Kabichi ipo?" Tukatafuta mbuzi mwingine kabla jua halijatoka, akachomwa kwa macho, zamu kwa zamu. Kabichi ile ile.