Darth Vader kwa mavazi ya karne ya 18: nianzie wapi?

Mkasi_Mweusi:
Wadau, kuna hafla ya barakoa yenye sharti moja: uje kama mhusika wa sinema, lakini umevaa kama mtu wa enzi ya kweli. Nimemchagua Darth Vader, yule mwovu wa Star Wars mwenye kofia nyeusi, joho na sauti ya mashine, karne ya 18. Kofia yake naigeuza kuwa nini bila plastiki? Na kile kisanduku chake cha vitufe na taa kifuani? Ninayo sufu nyeusi mita 3, upana sm 150. Shingo sm 45, na kutoka shingoni hadi chini ya goti sm 115.

Bi_Sindano:
Nenda Venice, wala usihangaike na Ufaransa. Kule walikuwa na vazi kamili la kujificha, bauta: barakoa iliyochomoza mdomoni, ushungi wa hariri au lesi nyeusi unaofunika kichwa, kidevu na mabega, kofia ya pembe tatu, kisha joho. Ushungi ukiushusha juu ya mabega unapata ule ukingo wa kofia ya Vader unaotanuka shingoni. Barakoa yenyewe iliachwa wazi chini ili mtu ale na anywe bila kuivua, na sauti hubadilika humo ndani, kwa hiyo mashine ya sauti ya nini? Tazama mchoro wa kifaru wa Pietro Longhi, mchoraji wa Venice, wa mwaka 1751. Wamo watazamaji waliovaa barakoa. Kwa kawaida ni nyeupe. Nyeusi ni kwa ajili ya Vader.

Kisanduku usikishone. Kizibao cha wakati ule kilifika mapajani na kilitariziwa kingo zote, basi tarizi vistatili vyekundu, kijani na bluu kando ya vifungo. Visanduku vya mkandani viwe vifuniko vya mifuko. Ila kizibao kiwe cha hariri au satini na koti liwe la sufu. Nyeusi zote zikiwa za aina moja, kwenye picha utaonekana doa tu.

Fundi Pindo:
Joho: kata nusu duara. Pima shingo ukiwa umeshavaa koti, maana kola huongeza. Tuseme imebaki 45: gawa kwa 3.14, nusu kipenyo cha shingo ni sm 14. Jumlisha 115 na sm 3 za upindo, unapata 132. Upana wa 150 unatosha, urefu unahitaji sm 264. Kipande kinachobaki ndiyo kola. Duara kamili linataka karibu mara mbili, na ukumbini utaiva.

Piga sufu pasi ya mvuke kabla ya kukata, maana husinyaa. Shingo ipitishie mshono mmoja mapema, la sivyo itatanuka ukijaribisha. Na upindo usiuharakishe! Litundike siku mbili. Sehemu za mshazari zitashuka, ndipo upime kutoka sakafuni na kusawazisha.

Karatasi_na_Gundi:
Barakoa: tabaka 6 za vipande vya karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, mbili mbili, zikauke ndipo uongeze. Ukizibandika zote mbichi, nje itakauka na kujikunja huku ndani ikiota ukungu. Upande wa ndani paka vanishi tabaka mbili, kwani mvuke wa pumzi hulainisha karatasi. Macho toboa mwisho, barakoa ikiwa usoni na kofia kichwani.

Mkasi_Mweusi:
Shukrani sana. Na ule upanga mwekundu? Nilifikiria bitana nyekundu ya joho.

Bi_Sindano:
Hapo utageuka Dracula, mwanangu. Upanga mwembamba ubavuni, kishada cha hariri nyekundu kwenye mpini, basi.