Laptopu ya kuhariri video za harusi: nitangulize kadi ya grafiki, ukubwa wa diski, au uwezo wa kuongezewa vipuri?

Kamera_ya_Ngamiani

Assalaam aleikum ndugu zangu, na poleni na kazi. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Tanga, na kazi yangu kubwa iko upande wa wanawake: singo, kupakwa hina na shughuli za ndani ambazo wenyewe hawaruhusu mwanamume kushika kamera. Natumia kamera mbili za Sony A6400, nazo hurekodi 4K (video yenye ubora wa juu) kwa megabiti 100 kwa sekunde, kisha nahariri kwa Premiere Pro. Laptopu niliyonayo ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta inapofanya kazi) ya gigabaiti 8 isiyoongezeka na diski ya gigabaiti 256. Nikiziweka video za kamera zote mbili sambamba, picha zinaganda, na kila mara nalazimika kuondoa kazi ya bibi harusi mmoja ndipo nipate nafasi ya mwingine.

Nimedunduliza shilingi milioni 2 na laki 5, na sipendi kurudi dukani kabla ya miaka 5. Nimeonyeshwa mashine tatu. Ya kwanza ni ThinkPad T480 ya mtumba kutoka Uingereza, yenye kadi ya NVIDIA MX150, RAM ya gigabaiti 16 na diski ya gigabaiti 512. Hiyo ni rahisi kuliko zote. Ya pili ni mpya, ya aina wanayoiita ya michezo: Core i5 ya kizazi cha 12, kadi ya RTX 3050 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, RAM ya gigabaiti 8 tu, na diski ya 512. Ya tatu ni nyembamba na nzuri sana machoni, Core i7 ya kizazi cha 12 yenye grafiki ya Intel Iris Xe ya ndani ya prosesa, RAM ya 16 na diski ya 512.

Kila muuzaji anasifia kile ambacho mashine yake inacho. Naomba mnisaidie kupima yapi yana uzito kwa kazi kama yangu. Kuna jambo moja ambalo kwangu halina mjadala: mashine ikiharibika, sitaki diski yenye video ilale kwa fundi. Mle ndani mna wanawake waliovua mabuibui yao kwa sababu waliniamini.

Fundi_wa_Kariakoo

Waaleikum salaam, dada. Mambo hayo matatu hayalingani uzito, na namna nyepesi ya kuyapanga ni kujiuliza ni lipi utaweza kulirekebisha baada ya kulipa. Kadi ya grafiki, katika karibu laptopu zote zilizomo sokoni, imechomelewa kwenye ubao mama, kwa hiyo utakayoinunua ndiyo utakayozeeka nayo. Kampuni ya Framework ya Marekani ilianza mwaka 2024 kusambaza laptopu ya inchi 16 ambayo kadi yake huchomolewa na kuwekwa nyingine, lakini kwa bajeti uliyoitaja hiyo tuiache. Diski mara nyingi hutoka kwa skrubu moja. RAM ndiyo yenye mtego, maana laptopu mbili zinaweza kuandikiwa gigabaiti 16 zote mbili, moja ikawa na RAM ya kuchomeka na nyingine ikawa imechomelewa milele.

Usimwulize muuzaji, iulize mashine yenyewe. Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji (Performance) wa Task Manager, kisha gusa kumbukumbu (Memory). Chini kidogo kuna mstari unaotaja umbo la RAM. Ukisoma SODIMM, ujue ni kijiti kinachochomolewa. Ukisoma Row of chips, ujue imechomelewa. Juu ya hapo kuna mstari unaohesabu sloti (nafasi za kuchomeka RAM) zilizotumika. Ukiona moja kati ya mbili, una nafasi tupu inayokusubiri.

Kwenye ile nyembamba, nakushauri uangalie hapo kwa makini kuliko popote. Iris Xe haina kumbukumbu yake yenyewe, inakula RAM ya mashine, na Intel wameiwekea sharti: RAM isipofanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja, grafiki hiyo hujitambulisha kama UHD ya kawaida na nguvu yake hushuka. Nimeshawahi kuletewa laptopu ambayo mwenyewe aliamini ametapeliwa, kwa sababu kibandiko kilisema Iris Xe na kompyuta ikasema UHD. Nilifungua nikakuta kijiti kimoja. Tulipoongeza cha pili kinacholingana nacho, jina likarudi lenyewe.

T480 ni mashine ninayoiheshimu. Ina sloti mbili za RAM ya aina ya DDR4, betri ya nyuma hutoka bila hata bisibisi, na kitabu cha mafundi cha kuifungua kipo bure kwenye tovuti ya Lenovo. (T490 iliyoifuata sloti moja ilishapotea, RAM nyingine ikachomelewa, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba namba kubwa zaidi ndiyo bora.) Hata hivyo T480 ni ya mwaka 2018, prosesa yake ina koa nne (viini vinavyofanya kazi sambamba), na kizazi cha 8 cha Intel ndicho cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. MX150 nayo ina gigabaiti 2 za kumbukumbu. Kuitaka miaka 5 ya 4K ni kuionea.

Mimi ningekwenda na ile ya RTX 3050, na RAM yake ndogo isingenitisha ilimradi nimeona sloti ya pili kwa macho yangu. Angalia pia wati za kadi. NVIDIA wamewaachia watengenezaji kuilisha RTX 3050 ya laptopu kuanzia wati 35 hadi 80, kwa hiyo jina ni moja lakini kazi si moja. Wati hizo huandikwa kwenye karatasi ya sifa katika tovuti ya mtengenezaji, si kwenye kibandiko.

Mhariri_Mvita

Dada yangu, mimi niko Mombasa na kazi yangu ni kama yako, kwa hiyo hilo la mabuibui limenigusa mahali penyewe. Niliwahi kuwa na laptopu nyembamba ambayo sitaitaja jina, iliyokuwa na diski iliyochomelewa ubaoni. Chai ilimwagika usiku mmoja wakati nikihariri, na mashine haikuwaka tena. Fundi alinieleza kwamba video zimo, ila hakuna njia ya kuzitoa bila ubao kufufuka, hivyo ilimlazimu kubaki nayo. Siku 11 nililala vibaya. Familia ya bibi harusi ilinipigia simu mara mbili, nami sikuwa na la kuwajibu. Tangu hapo sinunui mashine ambayo diski yake siwezi kuitoa mwenyewe, nikaitia mkobani, kisha ndipo nikampelekea fundi lile kasha tupu.

Na ukishainunua, washa usimbaji wa diski wa Windows siku hiyo hiyo, kabla hujaingiza hata video moja. Ule ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 uandike kwenye daftari lililo nyumbani, maana ukipotea hata wewe mwenyewe utabaki nje ya kazi yako.

Sasa kuhusu ukubwa, hebu tupige hesabu badala ya kukisia. Megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5, na kwa saa nzima ni gigabaiti 45. Kamera zako mbili zikirekodi saa 4 kila moja, shughuli moja inakuletea gigabaiti 360. Diski inayouzwa kama 512 Windows huionyesha kama 476 hivi, na ukiondoa Windows yenyewe na programu zako, inayobaki inatosha harusi moja kwa kubanana. Kwa hiyo hakuna hata moja kati ya mashine hizo tatu iliyo na diski ya kukutosha, na ndiyo maana ukubwa wa diski usiufanye kigezo cha kuchagulia. Kigezo ni kama kuna nafasi ya pili ya M.2 (sehemu ya kuchomeka diski ndogo bapa) ndani.

Kwenye kasi, usikubali kulipia zaidi. Wauzaji hutaja megabaiti 7,000 kwa sekunde za diski mpya za NVMe (aina yenye kasi zaidi), lakini kamera zako mbili kwa pamoja zinahitaji megabaiti 25 tu. Hata SSD ya zamani ya SATA, inayosoma kama 550, inazibeba bila kuhema. Nunua gigabaiti nyingi, acha kasi. Kisha weka nje diski mbili za kawaida zenye nakala ileile, moja kwako na moja kwa mtu unayemwamini. Kunakili zile gigabaiti 360 kwa diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde ni saa moja, muda wa kuoga na kula.

Mwisho nakuuliza: una mpango wa kubadilisha kamera? A6400 inarekodi rangi za biti 8, na hiyo karibu kila kompyuta ya leo inaifungua kwa wepesi. Ukihamia kamera kama A7 IV, ukarekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2 (unaohifadhi rangi kwa undani zaidi), RTX 3050 haina uwezo wa kuifungua, na kazi hiyo itafanywa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 11. NVIDIA wenyewe wameiingiza katika kadi za RTX 50 tu, mwaka 2025. Hapo T480 inaanguka kabisa.

Mwalimu_Kihonda

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini naona ile ya michezo imepitishwa haraka mno. Laptopu hizo ni nzito, betri yake huisha mapema, na ukiichomoa kwenye umeme kadi hupunguza nguvu, kwa hiyo ile RTX unayoilipia unaipata ukiwa umechomeka chaja kubwa tu. Mtu anayehariri mahali ambapo umeme hukatika jioni anapaswa kulifikiria hilo kabla ya kufikiria sloti.

Kuna njia nyingine pia. Premiere Pro inaweza kutengeneza nakala nyepesi za video, zile ziitwazo proksi, ukahariri kwa hizo, kisha ikarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa kazi. Kwa njia hiyo T480 inahariri 4K, na laki kadhaa zitakazobaki zinanunua diski za kutosha harusi za mwaka. Nafanya hivyo kwa video za masomo, nami nimeridhika.

Mhariri_Mvita

Mwalimu, proksi ni njia njema na mimi huitumia. Hata hivyo kutengeneza proksi za saa 8 za video huchukua muda, na zenyewe zinataka nafasi nyingine ya diski. Mteja wa harusi husubiri kwa hamu. Adobe wenyewe kwa 4K wanapendekeza RAM ya gigabaiti 32 na kadi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6 au zaidi. RTX 3050 ya gigabaiti 4 haijafika hapo, nalisema wazi ili dada asije akavunjika moyo baadaye, na kama angepata yenye RTX 4050 kwa bei iliyo karibu, gigabaiti zake 6 zingekuwa na thamani kuliko mapambo yoyote. Lakini gigabaiti 2 za MX150 ndizo kiwango cha chini kabisa wanachokitaja.

Kamera_ya_Ngamiani

Nawashukuru nyote kwa moyo. Leo nimekwenda dukani nikafanya kama alivyosema fundi. Ile nyembamba ilisoma Row of chips. Nikamrudishia muuzaji kwa adabu, ingawa nilikuwa nimeipenda. Ile ya RTX 3050 ilisoma SODIMM, sloti moja kati ya mbili. Niliomba kava la chini lifunguliwe, muuzaji akasita, kisha akakubali nilipomwambia kwamba nitalipa palepale. RAM ni ya DDR4. Kuna nafasi ya pili ya M.2, tupu, karibu na betri. Karatasi ya sifa inaitaja kadi kwa wati 75. Yenye RTX 4050 niliiulizia, bei yake imenipita mbali.

Alichosema Mwalimu kuhusu umeme nimekipokea. Mimi huhariri asubuhi, ukikatika nahamia kupanga picha. Kamera kwa miaka 2 ijayo ni hizi hizi.

Nimelipa milioni 2 na elfu 50. Zilizobaki nataka zianze na RAM ya vijiti viwili vya 16, diski ya ndani ya terabaiti 1 ifuate malipo ya harusi ya mwezi ujao. Swali langu lililobaki ni moja: pale kwenye nafasi tupu ya M.2 hakuna skrubu ya kuibania diski, kuna kitundu tu. Je, nimepunjwa?

Fundi_wa_Kariakoo

Hongera, dada. Hujapunjwa, watengenezaji wengi huiacha nafasi hiyo bila skrubu. Nyingi huwa za milimita 2 kwa unene na 3 kwa urefu, na fundi yeyote wa laptopu anazo kwenye kikopo. Nenda naye mpaka mezani, ajaribu kwa mkono kwanza bila kulazimisha, kwa sababu ikiwa ndefu mno inaweza kusukuma kava upande wa pili. Usikubali akubanie diski kwa gundi au tepu. Mashine hupata moto, tepu hulegea, na diski ikinyanyuka kidogo tu kompyuta haiioni. Kabla ya kugusa RAM wala diski, zima mashine kabisa na uchomoe kwanza waya wa betri ubaoni.