Walioona magari ya nitro yakiondoka laivu, tupeane uzoefu

Fundi Spana: Wakuu, jirani kawasha jenereta bovu, likapiga mlio, nikakumbuka mbio za drag kule Indianapolis, Marekani, magari mawili yanashindana kwenye njia fupi iliyonyooka. Nani humu ameshasimama karibu na uzio Top Fuel mbili, yale magari marefu membamba yenye kasi kuliko yote, zikiondoka? Kwenye simu unasikia kelele tu. Pale unapigwa! Shati linatikisika mwilini, kifua kinabana, moshi wa nitro, yale mafuta yao makali, unakutoa machozi. Injini moja ya lita 8.2, nguvu za farasi kama 11,000. Ukigeuka kumwambia mwenzako neno, gari limeshamaliza mita 305 na parachuti ziko wazi. Leteni zenu.

Kisauni Damu: Kweli tupu. Mimi mwili ulinisisimka mpaka usiku.

Naivasha Nyumbani: Sekunde tatu na kitu, njia iliyonyooka, halafu basi? Njooni Safari Rally muone dereva anavyopambana na mawe na vumbi la Kedong, kwetu Naivasha. Huo ndio udereva.

Fundi Spana: Rally naipenda, kaka. Lakini gari linalopita kilomita 160 kwa saa kabla sekunde moja haijaisha, utasemaje linajiendesha? Tairi likiteleza kidogo tu, dereva ana nukta ya kuamua.

Mtoto wa Chumbageni: Ngojeni niwape ya mama yangu. Alitoka Tanga kuja kuona wajukuu, nikampeleka Concord, North Carolina, karibu na Charlotte, kwenye uwanja wa zMAX, pale magari manne yanapoondoka kwa pamoja. Tulianzia kwa mafundi, maana tiketi ya kawaida inakufikisha hadi walipo. Akaona injini inavuliwa mpaka pistoni na kuundwa upya kabla ya raundi inayofuata. Akaniuliza, "Hawa watoto wamekula lakini?"

Jioni giza likaanza kuingia, ndimi za moto zikawa zinaonekana juu ya ekzosi. Funny Car moja, yaani gari la nitro lililofunikwa bodi kama ya gari la kawaida, ikatoka vizuri, katikati ya njia injini ikalipuka. Bodi nzima ikapasuka ikaruka juu, moto ukamfunika dereva, gari bado liko kasi! Jukwaa zima likanyamaza. Nikamsikia mama anasoma Ayatul Kursi. Watu wa zimamoto wakafika, sekunde hazipiti, kisha yule dereva akatoka kwa miguu yake na kunyoosha mikono. Mama akapiga kigelegele, Wamarekani wa mstari mzima wakageuka, nao wakaanza kushangilia naye. Nikamwambia, mama twende nyumbani. "Kufanya nini? Wale wengine hawajakimbia bado."

Kisauni Damu: Mama apewe tiketi ya msimu mzima!!

Binti Ruwi: Shikamoo yake mama. Alivaa kitu masikioni?

Mtoto wa Chumbageni: Vizibo, na hedfoni za mafundi juu yake.

Kobe wa Dallas: Raundi ya kwanza sikiliza masikio wazi, ndio utamu wenyewe. Na warudishe njia ndefu ya zamani, robo maili, mita 402.

Binti Ruwi: Usipotoshe watu. Zile desibeli zinakaribia 150, na sikio halina spea.

Fundi Spana: Na robo maili iliondolewa 2008, dereva Scott Kalitta alipofariki kwenye ajali Englishtown, New Jersey. Mwaka 2025 dereva wa Top Fuel, Brittany Force, alipita kilomita 540 kwa saa kwenye njia hii fupi ya sasa. Unataka uwaongezee madereva mita mia za nini?

Kobe wa Dallas: Kwenye robo maili nimekuelewa.

Mama Wawili: Binti yangu ana picha ya Brittany ukutani. Tukae wapi na watoto?

Fundi Spana: Mbele, kwenye taa za kuondokea.

Binti Ruwi: Watoto juu kabisa, dada, mbali na moshi. Mafundi wenyewe huvaa barakoa za gesi wakiwasha injini.

Naivasha Nyumbani: Nina binamu Charlotte. Hiyo ya magari manne huwa mwezi gani?

Mtoto wa Chumbageni: Aprili mara nyingi. Mwambie anunue mapema, mama naye anarudi.