Msaada: nampeleka mke wangu kambi ya mahema Serengeti mwezi wa pili, tulale Ndutu au Kogatende?

Mume wa Tabata
Wakuu, habari za muda huu. Nataka kumpeleka mke wangu kwenye zile kambi za mahema ya kifahari: kitanda kikubwa, choo na bafu humo humo ndani, chakula cha usiku kwa mwanga wa kandili. Ameitamani safari hii tangu uchumba. Nimeahidiwa tutaona nyumbu wakivuka mto Mara. Tulale wapi? Na kampuni gani ya puto, lile la kupanda angani kutazama wanyama, haina maswali mengi? Ya kwanza imetukatalia.

Ngosha77
Hela hiyo ni tofali ngapi mkuu? Kwetu turubai ni la kuanikia mpunga, wenzetu mnalipia mamilioni kulalia. Mimi nililala Seronera kwa hema la kukodi, fisi akaondoka na kiatu changu.

Mama Wawili
Ngosha mwache mwenzio ampendeze mkewe. Wangu hata Bagamoyo hajanifikisha. Hongera kaka.

Dereva wa Karatu
Kaka, puto wamewakatalia kwa nini? Huwa wanakataa watoto wadogo, waliotoka kwenye upasuaji na wajawazito.

Mume wa Tabata
Sikuona kama ni la kuandika. Ana miezi saba. Lakini kliniki hakosi na hana shida yoyote. Mtoto akishakuja nani atatoka tena? Na nusu nimeshalipa. Tutaendesha polepole.

Dereva wa Karatu
Ukishashuka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi hakuna polepole. Barabara ni ya vumbi, ina mawimbi, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Kambi nyingi hazina uzio. Usiku hutoki hemani bila askari, maana unaweza kukuta nyati anakula majani kwenye kamba za hema lako. Uchungu ukimshika saa nane usiku, viwanja vya ndege vya Ndutu na Kogatende ni vya udongo, taa hakuna. Mtasubiri kuche.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, Serengeti kuna malaria, na kwa mjamzito malaria inaua mama na mtoto. Mbung'o nao wapo, wanafuata nguo za bluu na nyeusi. Hata ndege, mashirika mengi yanataka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28. Ngojeni ajifungue.

Mume wa Tabata
Mama, wanawake wa Kimaasai mbona wanazalia huko huko?

Nesi Mstaafu
Wanazalia kwao, mama zao na wakunga wamewazunguka. Wa kwako atakuwa na wewe na mpishi wa kambi.

Ngosha77
Wadau, hii ni chai. Mwezi wa pili nyumbu wako Ndutu wanazaa. Kuvuka Mara ni Julai mpaka Oktoba, kule Kogatende karibu na mpaka wa Kenya. Aliyelipia kweli angekuwa anajua. Huyu ni wakala anatafuta wateja.

Mama Wawili
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mbona kambi haitaji jina?

Mume wa Tabata
Siuzi chochote jamani, na mke wangu si wa kutunga. Jina la kambi nitapewa nikimalizia nusu iliyobaki. Ndivyo alivyosema aliyeniuzia.

Dereva wa Karatu
Hapo hapo simama. Amekuonyesha leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii? Hela iliingia akaunti ya kampuni?

Mume wa Tabata
Nilituma kwa simu, likatokea jina la mtu. Lakini ni mtu mwenye lugha nzuri, na picha za mahema amenitumia nyingi.

Dereva wa Karatu
Usitume hata shilingi nyingine. Mpigie sasa hivi, muulize mwezi wa pili huo nyumbu wakivuka mto Mara mtawaonea wapi, urudi hapa na jibu lake.

Mume wa Tabata
Inaita, haipokelewi. Atakuwa yuko porini na wageni, kule mtandao shida. Kwa hiyo wakuu, tumekubaliana Ndutu?